Pilau ya Krismasi kwa vijiko vinne vya mafuta

Pilau ya sikukuu hulaumiwa kwa mchele na nyama, lakini mzigo wenyewe wa kalori uko kwenye dumu la mafuta linaloinamishwa juu ya sufuria bila kipimo. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120. Kikombe cha mililita 250 kinafika kalori 2,000 hivi, na hapo mchele haujaingia. Kwa kilo moja ya mchele na kilo moja ya nyama, vijiko vinne vikubwa vinatosha kabisa, maana nyama ina mafuta yake.

Anza tarehe 24 jioni. Chemsha nyama na tangawizi, kitunguu saumu na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Ikiiva, itoe, acha supu ipoe, kisha viweke vyote kwenye friji. Asubuhi utakuta mafuta yameganda juu ya supu kama utando mweupe, yachote uyatupe. Asiye na friji apike nyama asubuhi hiyohiyo, aache supu itulie, ainamishe sufuria na kuengua mafuta yanayoelea.

Sasa vitunguu, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu, haitoki kwenye mafuta. Kata vitunguu vinne vikubwa vyembamba na vilingane, kwa sababu vipande vinene vitabaki vyeupe wakati vyembamba vimeshaungua. Vikaange kwa moto wa wastani dakika 15 hadi 20. Vikianza kushika chini, usiongeze mafuta: mimina kijiko kimoja cha supu, kwangua chini ya sufuria, endelea kugeuza. Ukimimina nyingi kwa mara moja vitachemka na rangi haitakuja. Moto ukiwa mkali, kingo zitaungua na pilau yote itakuwa chungu.

Vikishakuwa vya kahawia, tia kitunguu saumu, tangawizi, binzari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, kisha nyama. Viungo vikiwa vingi na vibichi (visagwe siku hiyo), huhitaji kipande cha supu ya dukani, ambacho sehemu yake kubwa ni chumvi. Ongeza kijiko kimoja tu cha chai cha chumvi kwenye sufuria nzima. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, na kachumbari nayo ina yake.

Wengine huongeza mafuta ili wali usigandamane. Dawa yake ni kuosha mchele mpaka maji yawe meupe kidogo tu, kuuloweka nusu saa na kuuchuja. Tia kikombe kimoja na nusu cha supu kwa kila kikombe cha mchele. Ikikauka, punguza moto, funika, palia makaa juu.

Mezani, kachumbari na mchicha vitangulie kuingia kwenye sahani na vichukue nusu yake. Soda moja ya mililita 350 inakaribia vijiko tisa vya chai vya sukari. Desemba ni msimu wa embe, kwa hiyo kateni embe na nanasi, na mezani yawepo maji ya baridi yenye ndimu.

Mwenye kisukari anayetumia insulini asiruke kifungua kinywa ili "aache nafasi". Sukari inaweza kushuka ghafla kabla pilau haijapakuliwa.

Kiporo kisilale kwenye sufuria. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha mbegu zinazostahimili kupikwa, na sumu yake haiondoki hata wali ukipashwa moto tena. Ndani ya saa mbili utandaze kwenye sinia upoe, kisha uingie friji. Uliokaa nje tangu mchana mpaka usiku, umwageni.