Soma na mahudhurio

Jumapili tumevunja kikoba, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana. Pesa zimegawanywa, pilau limeliwa, kila mtu kaondoka na bahasha yake. Dada kajifungua Jumanne, wa kiume, wote wazima, na kazini tumetangaziwa kuhama jengo. Ila usiku nikilala yananirudia maneno ya mama wa genge.

Nilikuwa nasoma taarifa ya mwaka. Utaratibu mnaujua: jina, hisa, deni lililobaki, faini, mgao. Hisa yetu ni shilingi 2,000, na kila kikao mtu ananunua kuanzia moja hadi tano. Yeye mwaka mzima kanunua moja moja. Nilipotaja mgao wake, huko nyuma mtu akaguna. Haukuwa mguno mkubwa, lakini kila aliyekuwepo aliusikia.

Mama akanyoosha mkono. "Katibu, soma na mahudhurio."

"Mama, mahudhurio hayaingii kwenye mgao."

"Najua, mwanangu. Sijaomba hela. Nimesema soma."

Nikafungua lile daftari jingine. Hakukosa kikao, hakuchelewa hata mara moja. Nikasoma mstari wake wote, mwezi hadi mwezi, watu kimya. Akasema, "Ahsante," akaketi, akaanza kuhesabu noti zake.

"Najua, mwanangu." Alivyolitamka! Bila hasira, taratibu, kama mtu aliyejiandaa tangu nyumbani. Nimelisikia kwenye daladala, nimelisikia wodini nikiwa nimembeba mtoto wa dada. Najua, mwanangu.

Kinachoniuma ni kwamba taarifa yetu inataja mahudhurio kwenye faini tu. Asiyekuja anaandikwa, anayekuja hana pa kuandikwa. Na huyu mama haji kukaa tu. Ni yeye aliyemuuliza yule kijana aliyetaka mkopo wa kununua mahindi ayaweke mpaka bei ipande: "Utayaweka wapi yasibunguliwe?" Kijana hakuwa na jibu. Kikao kilichofuata akarudi na hesabu mpya, mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa wadudu wakafa, imo ndani. Tukampa, akauza vizuri, akarejesha wote na riba. Riba ile imepandisha thamani ya kila hisa, hata za aliyeguna, mwenye hisa tano kila kikao.

Leo asubuhi nimemkumbuka mkufunzi wetu wa mwanzo, nikatulia kidogo. Alitusimulia kwamba mtindo huu ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake wa vijijini. Wengi wao hawakujua kusoma, kwa hiyo hesabu zilitajwa kwa sauti na kikundi kizima kikazikariri. Ndiyo maana hata sisi, pamoja na kufuli tatu na funguo kukaa kwa watu watatu, hatufungi sanduku kabla ya kuulizana kilichobaki ni kiasi gani. Alichotaka mama kimo humo humo: hesabu itajwe yote, watu wasikie.

Basi nimechukua rula, nimechora safu ya mahudhurio kwenye fomu ya mwakani, pembeni mwa hisa. Nimefurahi jinsi ilivyokaa. Januari naipeleka kikaoni, na jambo la pili nitakalosimamia ni lile pendekezo la kutuma hisa kwa simu tukutane mara moja kwa mwezi. Nitalipinga waziwazi. Wenye shughuli nyingi nawaelewa, na mwenye mgonjwa nyumbani atume tu, hakuna wa kumlaumu. Lakini mikopo yetu inapona kwa sababu watu wanaulizana maswali ana kwa ana, tena mbele ya majirani watakaokutana na mkopaji kesho kisimani. Simu itapokea shilingi 2,000 za mama wa genge. Swali lake la mahindi angeliuliza lini?

Nilitaka nimpigie mwenyekiti leo hii hii tulizungumze, nimeahirisha. Mama yangu amekohoa usiku kucha tena. Anasema ni vumbi la kufagia uwanja, lakini hii ni wiki ya tatu, na kanga yake ya kulalia niliikuta imelowa jasho. Kesho nampeleka zahanati wampime makohozi. Bado sijamwambia, maana nikimwambia leo, alfajiri atakuwa ameshaenda shamba.