Siku ya Kuwasili, Nje ya Uzio wa Fairford

Mara ya kwanza nilipoielekezea kamera ndege ya kivita, mkono ulikuwa mzito. Nimekua nikijua kwamba kambi ya jeshi haipigwi picha; ukipita karibu nayo unatazama mbele na kuongeza mwendo. Kumbe hapa Fairford, kambi ya jeshi la anga katikati ya mashamba ya Gloucestershire, Uingereza, watu wamesimama juu ya ngazi nje ya uzio na lenzi ndefu kama mkono wangu, na mlinzi aliyekuwa akipita upande wa ndani akatupungia. Nilisubiri kukemewa. Hakuna aliyekemea.

Maonyesho yenyewe yanaitwa Royal International Air Tattoo. Yalianza mwaka 1971 huko North Weald, na siku hizi hufanyika hapa kila Julai. Watu wengi huja mwisho wa wiki. Mimi huomba likizo katikati ya wiki, ndege zinapowasili, na sibadilishi siku hizo na maonyesho hata kwa tiketi ya bure. Siku ya maonyesho rubani anatufurahisha sisi. Siku ya kuwasili yumo kazini: ametoka mbali, mafuta yamepungua, anataka kutua.

Na hizi ndogo za kivita hazitui kama ndege za abiria. Zinakuja mbili au nne, zimekaribiana mno, zinapita juu ya njia ya kurukia kwa kasi, kisha ya kwanza inalala ubavu na kukata kona kali. Ya pili inasubiri sekunde chache, nayo inafuata. Kona ile inapunguza mwendo, ndipo zinazunguka, zinashusha magurudumu na kutua moja baada ya nyingine. Ni desturi iliyotoka vitani: kundi linabaki pamoja hadi juu ya uwanja, asiwepo wa kujikokota peke yake angani akawa shabaha rahisi. Hewa ikiwa na unyevu, mvuke mweupe hutanda juu ya mabawa katikati ya kona na kupotea kabla kidole hakijabonyeza. Mngurumo wake unausikia kifuani kabla ya masikioni.

Mwaka wangu wa kwanza nilisimama karibu na mzee mmoja ambaye hakuwa na kamera kabisa. Alikuwa na darubini, kalamu na daftari lililopigwa mistari kwa rula. Aliniona nikifyatua picha ovyo.

"Kijana, soma mkia kwanza," akaniambia. "Picha utaipata tu."

Kwa mbali ilikuwa inakuja B-52, ndege kubwa ya mabomu ya Marekani, injini nane, moshi mweusi nyuma yake. Upepo ulikuwa wa ubavuni, nayo ikawa inashuka pua imeelekea pembeni, kama gari linaloteleza, huku magurudumu yamenyooka sawasawa na njia. Nilidhani kuna hitilafu. Mzee akanieleza kwamba magurudumu yake makubwa hugeuzwa makusudi, hata nyuzi 20, ili mwili ukabili upepo na matairi yafuate njia. Ilipogusa chini, parachuti ikafunguka mkiani.

Nikasoma. Herufi LA, na kando ya nambari, kwa maandishi madogo, 60. LA ni jimbo la Louisiana, kilipo kituo chake cha Barksdale. Na 60 ni mwaka wa bajeti ya Marekani iliyoinunua: 1960. Ya mwisho ya aina hiyo ilikabidhiwa jeshi mwaka 1962, na bado zinaruka.

Nilimweleza ule uzito wa mkono wangu. Hakuushangaa. Alinikumbusha Waingereza 12 na Waholanzi 2 waliokamatwa Kalamata, Ugiriki, Novemba 2001, kwa kuandika nambari kama hizi. Walihukumiwa kwa makosa ya ujasusi, wakaja kushinda rufaa mwaka 2002. Kwa hiyo uzio huu wa Fairford siuchukulii kama haki ya kila mahali. Nikisafiri nchi nyingine huuliza kwanza, kamera ikiwa begini.

Ndege ilipofika mwisho wa njia, mzee alinisogelea. "Umeipata?"

Nilimsomea nambari yote, tarakimu kwa tarakimu. Akateremsha kidole kwenye mistari yake mpaka akaifikia, akaweka alama ya vema, kisha akachana karatasi moja tupu kutoka nyuma ya daftari na kunipa pamoja na kalamu.