Kununua Apple na Nvidia kwa broka wa Nairobi: kagua dola kwanza

Siku hizi mashemeji zangu wote wanaongea hisa za Nvidia, ile kampuni ya chipu ya Marekani, hata wale ambao hisa ya Safaricom hawajawahi kushika. Na kusema kweli kuingia kumekuwa rahisi, kuna mabroka na apu za hapa hapa Nairobi, unapiga picha kitambulisho, unaweka PIN ya KRA, unatuma pesa kwa M-Pesa na unanunua hata kipande cha hisa. Sheria pia haikuzuii, ile ya zamani ya kudhibiti pesa za kigeni ilifutwa 1995, ukitaka kugeuza shilingi zako ziwe dola ni shauri yako.

Mimi bei ya hisa huangalia baadaye. Kwanza naangalia apu inaniuzia dola kwa ngapi. Tuseme Benki Kuu inasema 129, apu inakuuzia kwa 133 na siku ya kutoka itazinunua kwako kwa 126. Shilingi 10,000 inakupa dola 75 na senti kidogo, ukizirudisha hapo hapo bila kununua chochote unapata kama 9,470. Zaidi ya mia tano zimeenda na hujagusa hisa hata moja, na tangazo lao limeandikwa KAMISHENI SUFURI kwa herufi kubwa, aki hawa watu.

Halafu shilingi yenyewe haitulii. Januari 2024 dola ilifika 160, kila mtu akawa anakimbilia dola, kisha Februari serikali ikauza Eurobond mpya, yaani ikakopa dola kwa wawekezaji wa nje, ikalipa sehemu kubwa ya ile ya zamani na kufikia katikati ya mwaka tulikuwa karibu 129. Aliyenunua kwa ile 160, hisa yake ilibidi ipande kama asilimia 24 ndio arudi pale alipoanzia, kwa hesabu ya shilingi.

Sasa hapa ndio watu wengi huchanganyikiwa. Kuna kampuni zimesajiliwa na CMA, ile mamlaka ya masoko ya mitaji, kama mabroka wa forex (biashara ya pesa za kigeni) mtandaoni, kwenye apu yao utaona Tesla, Apple, zote ziko, lakini kinachouzwa pale ni CFD, yaani unabeti na bei ikipanda au ikishuka, hisa yenyewe si yako, na mara nyingi kuna mkopo ndani na ada ya kulala nayo usiku. Ukiona wanakuambia "leverage", ndio huo mkopo, jua uko hapo. Si haramu, ila usimwambie mama umenunua Apple.

Ukinunua hisa za kweli utajazishwa fomu ya W-8BEN, ya kuonyesha wewe si mtu wa Marekani. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani kwa hivyo gawio, ile faida kampuni inagawia wenye hisa, linakatwa asilimia 30 kabla halijakufikia. Coca-Cola mwaka 2025 ilikuwa inatoa senti 51 kwa hisa kila robo mwaka, wewe unaona kama 36. Ndio maana mtu akiniambia ananunua za huko sababu ya gawio namshangaa kidogo.

Soko la New York linafungua saa kumi na nusu jioni yetu, wakirudisha saa zao nyuma Novemba inakuwa saa kumi na moja na nusu, kwa hivyo oda ya asubuhi inakaa tu inangoja.

Swali lingine uliza kabla ya kutuma hata thao moja: kule kwa broka wa Marekani mnayepitishia oda zetu, akaunti iko kwa jina langu ama mmetuweka wote kwenye kapu moja? Ile bima ya SIPC, shirika la Marekani la kulinda wateja wa mabroka, hadi dola 500,000, ni ya broka wa kule akianguka, hisa ikishuka haikuhusu, na apu ya Nairobi ikizimika hiyo ni kesi tofauti kabisa. Wakikujibu kwa emoji tafuta wengine.

Kuna pia kodi ya urithi ya Marekani, mgeni akifa na mali ya huko inayozidi dola 60,000 inaweza kufika asilimia 40, lakini hizo ni shida za matajiri wa Runda.