Siku moja na dramu ya breki iliyogoma

Saa moja asubuhi nafagia sakafu. Nati ndogo ikipotea chini ya vumbi inakula nusu saa, kwa hiyo ufagio nao ni kifaa cha kazi. Saa moja na nusu gari la kwanza, oili ya injini na chujio. Saa mbili na robo gari la pili, pedi za mbele. Hizo hazina simulizi.

Saa tatu linaingia gari ambalo gurudumu la nyuma kulia linakwaruza. Mwenyewe anashuka na maneno ambayo kila fundi wa breki anayajua: "Nimejaribu kidogo nyumbani." Hicho kidogo ni ukingo wa dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu na kufunika breki, uliomeguka kipande cha ukubwa wa kucha. Ameipiga kwa nyundo nzito pembezoni, pale pale pasipopigwa. Dramu ni chuma cha kusubu: ni kigumu ila hakipindi, kikizidiwa kinapasuka.

Wengi hudhani kazi hii ni misuli. Dramu isiyotoka inashikwa na kitu, na nyundo haijui ni kitu gani. Kwa hiyo naanza kuuliza. Magurudumu ya mbele yazibwe kwa kabari, jeki ipande, stendi ikae chini ya gari, hendibreki ilegezwe kabisa. Tairi likitoka, naizungusha dramu kwa mkono. Ikigoma kuzunguka, ama waya wa hendibreki umeganda ama viatu vya breki, vile vipande vya ndani vinavyotanuka kuisugua dramu, vimeshikana nayo kwa kutu, jambo la kawaida kwa gari lililolala wiki kadhaa likiwa na unyevu. Ikizunguka lakini haisogei nje hata milimita, kutu iko katikati, dramu inapokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ikisogea sentimita moja kisha ikakwama, ndani kuna ngazi: viatu vimechimba uso wa dramu, ukingo usioguswa ukabaki juu, na viatu vinaukwaa vikitaka kupita.

Hii inazunguka na haisogei. Kutu ya habu basi. Kwanza nahakikisha hakuna skrubu ndogo inayoishikilia usoni, na kwamba si ile aina ya dramu yenye beringi ndani, ambayo hufungwa kwa nati kubwa na pini chini ya kifuniko cha katikati. Ile huitoi mpaka ufungue nati, hata ukipiga mpaka magharibi.

Mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka tundu la katikati na kwenye kila stadi, zile boliti za habu zinazoshika tairi. Dakika kumi na tano za kusubiri. Hapo ndipo mwenye gari anapochungulia mara ya kwanza. "Fundi, mbona umekaa?" Sijakaa mzee, mafuta ndiyo yanafanya kazi.

Kwenye uso wa dramu nyingi kuna matundu mawili yenye nyuzi, na watu huyaona kama mapambo. Ni ya kuitolea. Mara nyingi yanapokea boliti ya M8 (unene wa milimita 8) yenye hatua ya 1.25, yaani milimita kutoka uzi hadi uzi, ile ya spana 12 au 13. Nayasafisha kutu, nazipaka boliti grisi, kisha naingiza zote mbili na kukaza nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule. Boliti ikiwa nzito sana nasimama, nagonga kwa nyundo ndogo katikati ya stadi na stadi, naongeza mafuta. Anayekaza upande mmoja tu anaipeleka mshazari, na nyuzi zinavuka. Mzunguko wa nne, paa! Imeachia.

Inasogea sentimita moja na kukwama tena. Kumbe na ngazi ipo.

Saa ngapi sasa sijui, ila jua limeshahamia upande wa pili wa gari. Mwenyewe karudi. "Kwa nini usiichome moto?" Kwa sababu nyuma ya hii dramu kuna silinda ndogo yenye mipira ya kuzuia oili ya breki, na juu yake nimemwaga mafuta yanayowaka. Anaitikia kwa kichwa kama mtu asiyeamini.

Dawa ya ngazi ni kuvirudisha viatu ndani. Nyuma ya sahani, lile bamba la chuma linalobeba viatu, kuna kizibo cha mpira; ukikitoa unaiona nyota ya kurekebishia, kigurudumu chenye meno kinachotanua viatu au kuvirudisha. Bisibisi nyembamba inasukuma kwanza ile ndoana inayoizuia nyota, bisibisi ya pili ndiyo inazungusha. Ukisahau ndoana, nyota inakubali upande mmoja tu, ule wa kukaza, na hapo ndipo wengi hujifungia dramu zaidi huku wakidhani wanalegeza. Pima kwa kuizungusha dramu: ikiwa nyepesi, uko njia sahihi.

Nyota ya gari hili imeganda. Mafuta, kusubiri, kujaribu. Mafuta tena. Mgongo unalalamika. "Bado, fundi?" Bado, mzee.

Inabaki njia ya mwisho, na namweleza kabla sijaigusa: nakata vichwa vya pini mbili zinazoshikilia viatu, zinazoonekana nyuma ya sahani. Viatu vikiachiwa vinalala na kutoka pamoja na dramu. Hasara ni pini na springi zake, vitu ambavyo ningebadilisha hata hivyo. Grainda dakika mbili, boliti mbili tena, na mzigo wote unaanguka mikononi.

Vumbi la ndani silipulizi kwa kompresa. Viatu vya zamani huweza kuwa na asbesto, na vumbi lenyewe halifai mapafuni. Nalilowesha, nalifuta, kitambaa kinatupwa. Dramu hata isingemeguka ingeishia hapa: kipenyo cha mwisho kimeandikwa kwenye chuma chake, 201 kwa dramu ya milimita 200, na kipimo kimevuka. Nafunua kimpira cha silinda ya gurudumu, chini yake majimaji. Silinda nayo mpya.

Kufunga kunakwenda haraka. Grisi ya joto kali kiasi kidogo sana pale viatu vinaposuguana na sahani, nyota mpya ya upande wa kulia (nyuzi zake ni kinyume na za kushoto, ukizibadilisha inalegeza badala ya kukaza), dramu mpya ifutwe mafuta ya kiwandani, habu isuguliwe kwa brashi ya waya. Natoa hewa mpaka oili ije bila povu.

Breki hubadilishwa ekseli nzima, kwa hiyo kushoto nako dramu, viatu na silinda. Nafunga tairi moja, nafungua la pili, mafuta, boliti mbili, mzunguko mmoja na nusu. Inatoka nzima kama kifuniko cha sufuria.

Mzee kasimama nyuma yangu. "Sasa hii mbona rahisi hivi? Ile ya asubuhi ulikuwa unafanya nini?"

Namwomba anishikie tochi.