Siku moja na silinda tatu, Lamu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nafungua karakana huku Langoni. Chai, mahamri mawili, mbaazi, basi. Bloku iko palepale juu ya boriti za mkoko: injini ya dizeli ya silinda tatu, iliyolala stoo miaka sita baada ya mashua yake kuoza. Mwenyewe ametengeneza mashua mpya Matondoni na anataka injini hii irudi majini.

Wapitao wakiniona na oili mpaka viwikoni hudhani kazi ya fundi ni kufungua nati na kuzifunga. Leo sifungi hata moja. Leo naosha.

Saa moja mpaka saa tatu nasugua kutu. Silinda zimelala usiku kucha na dizeli iliyochanganywa na oili, sasa napita kwa nyuzi za chuma, zile za kusugulia sufuria. Mbili zina kutu nyepesi. Ya tatu ndiyo mgonjwa: valvu yake ilibaki wazi, hewa ya chumvi ikaingia miaka yote hiyo.

Saa tatu na nusu anafika mwenyewe.

"Fundi, bado?"

"Bado, ami."

"Mbona inang'aa? Piga msasa kidogo, tia pistoni, jioni tuteremshe."

Nikamweleza. Msasa wa mkono huacha mikwaruzo ovyo. Ringi, zile pete zinazozunguka pistoni, zinataka mistari iliyokatizana kama matundu ya wavu wa jarife, kiasi cha digrii 45, ili oili ikae humo. Bila oili hiyo, chuma kitakula chuma. Akaitikia, akaenda zake. Saa nne na nusu yuko mlangoni tena. Saa sita amekuja na shemeji yake, naye shemeji ana rafiki Mombasa aliyepiga msasa na injini bado inatembea. Nikaeleza upya, tangu mwanzo, huku mawe ya kuchongea mistari hiyo yakinisubiri mkononi. Injini ikimzimikia mtu katikati ya mkondo wa Mkanda, rafiki wa Mombasa hatakuwapo kumvuta. Hilo nililisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na ami ni mtu mzima. Nikamwomba radhi.

Walipoondoka, stima ikapotea. Drili inayozungusha mawe haifanyi kazi bila stima.

Ilirudi baada ya adhuhuri. Mawe yanazunguka polepole, mkono unapanda na kushuka bila kusimama, dizeli inatiririka. Kisha napima juu, katikati na chini, halafu kwa upande wa pili. Silinda iliyolika zaidi imezidi kipimo chake kwa 0.05 mm huko juu, pale ringi zinapogeukia. Inavumilika. Ile ya tatu imebaki na madoa meusi, lakini nikipitisha ukucha haukwami. Ungekwama kwenye njia ya ringi, bloku ingesafiri kwenda kuchongwa na kutiwa slivu, yaani bomba jipya ndani ya silinda.

Halafu kuosha kwenyewe, na hapa sijui tena ni saa ngapi. Dizeli haitoshi, inaondoa mafuta, lakini unga wa mawe unabaki ndani ya ile mistari, na unga huo ni msasa utakaokula ringi mpya. Yanatakiwa maji moto, sabuni na brashi. Tena maji matamu, yale ya visima vya Shela, kwa sababu maji ya chumvi yanaleta kutu hata kabla hujaweka ndoo chini. Nasugua, namwaga, nakausha, napitisha kitambaa cheupe chenye oili, kipande cha kanzu yangu kuukuu. Kinatoka kijivu. Narudia. Kijivu. Kijana wangu anachemsha maji tena, mgongo wangu unawaka, alasiri imepita. Mara ya tano kijivu kidogo. Mara ya saba kitambaa kikatoka kama kilivyoingia.

Hapo hakuna kupumzika. Silinda iliyooshwa hushika kutu kwa dakika chache katika hewa yetu, kwa hiyo tukapaka oili zote tatu mbio mbio na kufunika kwa shuka.

Baada ya magharibi ami akarudi, peke yake. Nikafunua shuka, nikawasha tochi.

"Na haya madoa?"

"Yatabaki, ami. Pitisha ukucha."

Akapitisha, taratibu, mara mbili. Kisha akaniuliza kesho ringi zinaingia saa ngapi.