Mende Aliyemfanya Billy Wilder Kuwa Mwelekezi

Filamu ya Hold Back the Dawn, iliyotoka mwaka 1941, ilipaswa kuwa na mende. Mhusika mkuu ni mtu kutoka Romania ambaye amekwama katika hoteli duni ya mji wa mpakani upande wa Meksiko, akingoja kibali cha kuingia Marekani. Siku zinapita akiwa amejilaza tu kitandani, hadi anapomwona mende akipanda ukutani. Mswada ulimtaka amzuie mende huyo kwa fimbo na kumhoji kama afisa wa uhamiaji: unaenda wapi, na karatasi zako ziko wapi? Mwigizaji, Charles Boyer, alikataa. Alisema haina maana kuzungumza na mdudu asiyeweza kumjibu, naye mwelekezi, Mitchell Leisen, akakubaliana naye, na mende akaondolewa.

Waliouandika mswada ule ni Billy Wilder na mwenzake Charles Brackett. Wilder alisimulia kisa hicho kwa miaka mingi, na kila mara hasira yake ilikuwa mbichi. Kwa kuwa walikuwa bado hawajamaliza kurasa za mwisho, waliamua kwamba mtu asiyetaka kuongea na mende hana haja ya kuongea sana na mtu mwingine yeyote, wakampunguzia Boyer maneno na kumpa mwigizaji wa kike, Olivia de Havilland. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba Wilder aliazimia kuwa miswada yake ataielekeza mwenyewe. Mwaka uliofuata ikatoka The Major and the Minor, filamu yake ya kwanza ya Hollywood akiwa mwelekezi.

Mimi naiona hasira hiyo kuwa ya haki, kwa sababu mende yule alikuwa Wilder mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1906 katika familia ya Kiyahudi, sehemu ambayo leo ni Poland, akawa mwandishi wa habari Vienna na Berlin, kisha akaikimbia Ujerumani mwaka 1933 Hitler aliposhika madaraka. Mama yake, aliyebaki nyuma, aliangamia mikononi mwa Wanazi. Alipofika Marekani mwaka 1934, viza yake ilikuwa ya muda tu, na ikambidi avuke hadi Mexicali, mji wa mpakani upande wa Meksiko, kuomba viza ya kudumu, akiwa na karatasi chache mno. Alipopewa tuzo ya Irving Thalberg, tuzo ya heshima katika hafla ya Oscar, mwaka 1988, alieleza jinsi balozi mdogo wa Marekani alivyomuuliza anafanya kazi gani, naye akajibu kwamba anaandika filamu. Balozi akatembea huku na huko, akagonga muhuri na kumwambia aandike nzuri. Yeyote aliyewahi kusimama foleni mpakani Busia akiwa na stakabadhi pungufu anaijua thamani ya muhuri ule, na anajua pia kwa nini mende yule hakuwa mzaha.

Nimelichukulia jambo hili kwa uzito kwa sababu nami niliwahi kuandika mchezo mfupi kwa ajili ya tamasha za drama hapa Kisumu. Mhusika wangu, mvuvi wa Dunga, alikuwa anazungumza na mtumbwi wa marehemu baba yake kabla ya kuuuza. Nilipoketi ukumbini siku ya maonyesho, mtumbwi haukuwepo, na maneno yale alikuwa amepewa jirani, ili watazamaji wasichanganyikiwe. Hakuna aliyeniuliza. Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani Manyatta nikiyasema yale maneno kimoyomoyo.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba Wilder aliipigania kila sentensi katika lugha aliyoanza kuiandikia akiwa karibu miaka 30. Hakuwahi kujifanya kwamba Kiingereza ni chake peke yake. Aliandika akiwa na mtu aliyekulia nacho: Brackett hadi Sunset Boulevard ya 1950, Raymond Chandler katika Double Indemnity ya 1944, kisha I. A. L. Diamond, ambaye naye alizaliwa Romania lakini akakulia New York. Diamond aliketi kwenye taipureta huku Wilder akizunguka chumbani. Ukutani ofisini Wilder alitundika swali lililomhusu mwelekezi aliyemhusudu: Lubitsch angefanyaje? Nasi tunaoongea Kijaluo nyumbani na kuandika Kiswahili tunafahamu faida ya mwenzi anayeweza kukuambia kwamba neno hili ni sahihi lakini hakuna anayelisema hivyo.

Aliendelea hadi Buddy Buddy ya 1981, na alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 95. Filamu zake za mwisho sizipendi sana. Lakini The Apartment ya 1960, iliyompatia Oscar tatu kwa usiku mmoja, huitazama kila mwaka, na Desemba iliyopita niliitazama na shangazi yangu, ambaye Kiingereza hakimpiti sikioni. Nilimtafsiria mwanzoni: Baxter, karani wa kampuni ya bima, huwaazima mabosi wake nyumba yake ili wakutane humo na wanawake kwa siri. Siku moja anaokota kioo kidogo cha poda kilichopasuka na kumrudishia bosi wake. Baadaye, katika sherehe ya Krismasi ofisini, Fran, msichana wa lifti ambaye Baxter anampenda, anampa kioo chake ajitazame alivyopendeza na kofia mpya. Baxter anakifungua, na uso wake unaonekana umekatwa vipande viwili.

Nilikuwa nimefungua kinywa nitafsiri. Shangazi akanishika mkono.

“Nyamaza, mwanangu,” akasema. “Ameshajua.”