Gesi ya gramu 5.75
PV = nRT, kanuni ya gesi: kanieneo (P) mara ujazo (V) ni sawa na idadi ya moli (n, yaani kipimo cha wingi wa chembe) mara R, namba isiyobadilika ya gesi, mara halijoto (T). Herufi tano, niliikariri kwa dakika moja. Kilichonitesa muhula mzima ni kwamba kanuni naijua, swali nalielewa, nabonyeza kikokotoo, halafu jibu linakataa.

Swali lililonizindua lilikuwa hili: gramu 1.28 za gesi fulani zimejaza chupa ya lita 0.500, halijoto nyuzi 27 za Selsiasi, kanieneo milimita 750 za zebaki. Tafuta masi ya moli moja. Nikagawa 750 kwa 760, nikapata atmosfia 0.987. Nikachukua R ya 0.0821. Kwenye T nikaweka 27 kama ilivyo. Ikatoka gramu 5.75. Nikaipigia mistari miwili, nikafungua ukurasa.

Rafiki niliyekuwa nasoma naye akachungulia daftari. "Gesi gani hiyo?"

Nikaanza kutafuta. Heliamu ni 4, methani ni 16. Hapo katikati sikuona gesi yoyote ya kujaza chupa yangu.

Kosa lilikuwa ile 27. Mlinganyo huu unataka halijoto inayoanzia sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa, ambayo ndiyo sifuri ya Kelvini, wakati sifuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapoganda tu. Jaribu kutia 0 ya Selsiasi uone: PV inakuwa sifuri, yaani gesi yote imetoweka kwa sababu nje kuna baridi! Nilipoongeza 273 kwenye 27 na kuweka Kelvini 300, moli zikawa 0.0200 na masi ikatoka 63.9. Salfa dioksaidi, ile inayokuwasha pua njiti ya kiberiti inapowaka.

Siku hizi kabla ya kugusa kikokotoo naandika R na vizio vyake vyote: lita, atmosfia, moli, Kelvini. Kila namba ya swali lazima ivae sare hiyo ndipo iingie. Swali likija na paskali na mita za ujazo, naiweka kando 0.0821 na kuchukua 8.314. Niliwahi kutumia 8.314 kwenye lita na atmosfia; moli zikapungua mara 101, na sikushtuka hata kidogo.

Ndiyo maana nina kipimo cha kichwani. Kwenye Kelvini 300 na atmosfia 1, moli moja huchukua lita 24.6. Nusu lita basi ni karibu sehemu moja ya hamsini ya moli, na 1.28 mara 50 ni 64. Hesabu ya sekunde kumi, nami nilikuwa nimeshapiga mistari miwili chini ya 5.75.

Bado hunikwaza gesi iliyokusanywa juu ya maji, kwa kuwa huchanganyika na mvuke wake. Lazima kwanza utoe kanieneo ya mvuke wa maji, milimita 23.8 kwenye nyuzi 25, ndipo ubaki na ya gesi yenyewe. Juzi nimeisahau tena.